Fidia Ililipwa Shambani: Ubeberu wa Kigeni na Maasi ya Wakulima wa China, 1839–1912

Ndugu walimu, wanafunzi, na ninyi nyote mliofika kwa kuipenda historia, asanteni sana.

Karne ya 19 ya China hufundishwa kwa orodha mbili. Orodha ya kwanza ni ya vita na mikataba: Vita vya Afyuni, Nanjing, Tianjin, Shimonoseki. Ya pili ni ya maasi: Taiping, Nian, Yihetuan. Mwanafunzi huzikariri zote mbili akafaulu mtihani, lakini hakuna anayemwonyesha kamba inayozifunga pamoja. Leo nataka tuishike kamba hiyo, nayo ni kodi. Ubeberu ulimfikia mkulima wa China kabla hajamwona Mzungu hata mmoja, na aliyemletea ni karani wa kodi wa wilaya yake mwenyewe. Tusipomwelewa karani huyo, maasi yote tutayaona kama vurugu za watu wajinga.

Tuanze na pesa zilivyokuwa zikitumika. Chini ya utawala wa Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, nchi ilikuwa na pesa za aina mbili zilizokwenda sambamba. Kulikuwa na madini ya fedha, yaliyopimwa kwa taeli, uzani wa gramu 37 hivi. Na kulikuwa na sarafu ndogo za shaba zenye tundu la mraba katikati, zilizotungwa kwenye uzi elfu kwa elfu. Mkulima aliuza mchele wake kwa shaba, akanunua chumvi kwa shaba, na alipofanya kibarua alilipwa shaba. Kodi ya ardhi, hata hivyo, iliandikwa vitabuni kwa fedha. Kila msimu wa kodi ilimbidi aigeuze shaba yake kuwa fedha, na kiwango cha kubadilisha ndicho kilichoamua familia itabakiwa na nini ghalani. Kiwango kilichotambuliwa na serikali kilikuwa taeli moja kwa sarafu 1,000.

Kwa muda mrefu fedha ilikuwa ikiingia China kwa wingi. Tangu 1757 Wazungu waliokuja kwa bahari walibanwa kwenye bandari moja tu, Guangzhou. Waingereza walikuwa na kiu ya chai, na bidhaa zao hazikuwa na soko kubwa kule, hivyo wakalazimika kulipa kwa fedha. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ikapata njia ya kuliziba pengo hilo, nayo ni afyuni ya Bengal. Kampuni ilisimamia kilimo cha mpopi, ikatengeneza afyuni, ikaiuza kwa mnada Calcutta, halafu wafanyabiashara binafsi wakaivusha kwa magendo hadi pwani ya China. Kwa mpango huo Kampuni iliweza kudai kwamba yenyewe haivunji sheria ya mtu, huku faida ikiingia kwenye hazina yake. Mwanzoni mwa karne makasha yaliyoingia yalikuwa kama 4,000 au 5,000 kwa mwaka, kila kasha kilo 60 na ushei. Kufikia 1838 yalikuwa yamekaribia 40,000. Fedha ikaanza kutoka badala ya kuingia.

Wapo wanaosema afyuni ndiyo sababu pekee ya fedha kuadimika. Hilo si sahihi. Vita vya ukombozi vya Amerika ya Kusini na Mexico vilivuruga migodi iliyokuwa ikiilisha dunia nzima fedha, na sarafu za shaba za Qing zenyewe zilikuwa zimepungua ubora. Hata hivyo afyuni iliukuza upungufu huo ukawa msiba. Isitoshe, ni biashara iliyoendeshwa kwa makusudi, na watu waliojua inachokifanya.

Sasa tuangalie hesabu yenyewe. Mwaka 1852 ofisa wa ngazi ya juu mjini Beijing, Zeng Guofan, alimwandikia mfalme waraka kuhusu dhiki za raia. Alisema hivi: katika majimbo ya mpunga ya kusini-mashariki, shi moja ya mchele, yaani kama lita 100, huuzwa sarafu 3,000, na bei hiyo haijabadilika sana tangu zamani. Taeli moja ilipokuwa sarafu 1,000, shi moja ilimpa mkulima taeli tatu. Sasa taeli moja ni sarafu 2,000, kwa hiyo shi ileile inampa taeli moja na nusu. Shi moja ina dou kumi. Zeng akaendelea: zamani mkulima akiuza dou tatu alimaliza kodi ya mu moja ya shamba na akabakiwa na kitu, leo akiuza dou sita, hazitoshi. Mu ni kipande kidogo tu, kumi na tano ndizo hekta moja. Tazameni jambo hili kwa makini. Serikali haikuwa imepandisha kodi. Tarakimu vitabuni zilikuwa zilezile za baba na babu. Ila mkulima alilipa mara mbili, wala hakuna amri aliyoweza kunyoosha kidole na kusema, hii ndiyo iliyoniumiza.

Juu ya hayo aliketi karani. Makarani wa ofisi za wilaya hawakuwa na mshahara wa kuishi, hivyo walikula kwa ada. Palikuwa na ada ya fedha inayopotea katika kuyeyushwa, ada ya mizani, ada ya risiti, na kiwango cha kubadilisha shaba ambacho ofisi ilijipangia juu ya kile cha soko. Familia kubwa zenye wasomi na vyeo zililipa kiwango cha chini, kwa kuwa karani aliziogopa. Pengo lilijazwa na familia ndogo zisizo na mtetezi. Huko Chongyang, jimbo la Hubei, ulafi huo kwenye kodi ya nafaka ulizaa uasi wa Zhong Renjie mwishoni mwa 1841, wakati manowari za Kiingereza zikiwa bado kwenye pwani ya China. Watu wa Chongyang waliuteka mji wa wilaya kwa sababu ya makarani. Waingereza hawakuwamo kabisa katika madai yao.

Vita vyenyewe vilianzia Guangzhou. Machi 1839 alifika huko Lin Zexu, mjumbe maalumu wa mfalme, akawabana wafanyabiashara wa kigeni mpaka wakatoa makasha zaidi ya 20,000. Namna alivyoyaharibu inafaa kuelezwa, kwa sababu kuchoma afyuni hakutoshi: inayeyuka ikazama udongoni, na watu wakaja kuufukua udongo huo wakaichemsha tena. Lin alichimba mabwawa matatu karibu na bahari huko Humen, yakajazwa maji. Vibarua walimimina chumvi, wakavunja madonge ya afyuni, wakayaacha yalowe, kisha wakatupa mawe ya chokaa. Chokaa ikachemsha maji yote, nao wakawa wanakoroga kwa majembe na mipiko. Maji yalipokupwa, lango lilifunguliwa na uchafu ukatoka na bahari, halafu bwawa likaoshwa kabla ya kundi jingine. Kazi hiyo ilianza tarehe 3 Juni na ikachukua takriban wiki tatu.

Uingereza ilijibu kwa vita. Mkataba wa Nanjing wa Agosti 1842 uliinyang'anya China kisiwa cha Hong Kong, ukafungua bandari tano, ukaweka fidia ya dola za fedha milioni 21. Katika hizo, milioni 6 zilikuwa thamani ya afyuni iliyoharibiwa. Yaani aliyekamata magendo alitozwa bei ya magendo. Mikataba iliyofuata iliondoa raia wa kigeni chini ya mahakama za China, ikaweka kwamba taifa moja likipata haki mpya, mengine nayo yanaipata, na ushuru wa forodha ukafungwa kwenye kiwango cha kama asilimia 5. Nchi ambayo haiwezi kupanga ushuru wa bandari zake ikihitaji fedha itamrudia nani? Itamrudia mwenye shamba na msafirisha mizigo wa ndani.

Kuna tukio dogo la vita hivyo nisiloweza kuliruka. Mwisho wa Mei 1841 askari wa Kiingereza na wa Kihindi waliokuwa juu ya vilima vya kaskazini mwa Guangzhou walipora vijiji na kufukua makaburi. Karibu na Sanyuanli, maelfu ya wanakijiji wenye mikuki, majembe na mapanga wakawazingira. Mvua kubwa ikanyesha. Bunduki za askari wengi zilikuwa za gumegume. Baruti ilipolowa, zikawa fimbo tu. Kikosi kimoja cha sepoi wa Madras kilipotea njia kwenye mashamba ya mpunga kikanusurika kwa taabu. Siku ya pili umati uliongezeka, na waliokuja kuutawanya walikuwa maofisa wa Qing wenyewe, waliokwisha kukubali kulipa ili mji usishambuliwe. Mara ya kwanza tu wakulima walipojitokeza dhidi ya jeshi la kigeni, serikali yao ilisimama katikati kumlinda mgeni. Vijiji vya Guangdong havikulisahau jambo hilo.

Baada ya 1842 biashara ilihamia Shanghai. Chai na hariri zilizokuwa zikibebwa mabegani kuvuka mlima Meiling kwenda Guangzhou zikapata njia fupi, na maelfu ya wapagazi na wapiga kasia wa kusini wakakosa kazi. Wanamaji wa Uingereza waliwafukuza maharamia wa pwani, nao wakapanda mito kuingia Guangxi. Wanamgambo waliokusanywa kwa ajili ya vita waliachwa na silaha zao bila chakula. Katika jimbo hilo hilo Wahakka, waliohamia wakati ardhi nzuri imekwisha kugawanywa, walikuwa wakigombana na wenyeji juu ya maji na mashamba. Huko ndiko Feng Yunshan alikounda Jumuiya ya Waabudu Mungu, katika milima ya Zijing, kwa jina la ndugu na rafiki yake Hong Xiuquan.

Hong alikuwa Mhakka wa Guangdong, mtoto wa wakulima, aliyeshindwa mara kadhaa mitihani ya utumishi wa serikali. Mwaka 1837 aliugua akaona njozi. Miaka sita baadaye, akisoma vijitabu vya Kikristo, akaamua kwamba yeye ni mdogo wake Yesu. Watu wengi huishia hapo na kucheka. Waliomfuata hawakuwa wa kuchekwa: walikuwa wachoma makaa, kama Yang Xiuqing aliyekuja kuwa amiri jeshi wao mkuu, wachimba migodi, wapagazi, wakulima wasio na ardhi. Januari 1851 walisimama Jintian, wakajulikana kama Taiping. Machi 1853 waliuteka mji wa Nanjing wakaufanya mji mkuu wao.

Mpango wao wa ardhi wa 1853 ni moja ya nyaraka za kustaajabisha za karne ile. Mashamba yalipangwa kwa madaraja tisa kulingana na mavuno. Kila mtu wa miaka 16 na zaidi, mwanamume au mwanamke, alistahili fungu kamili; wa miaka 15 kushuka chini, nusu. Kila familia 25 ziwe na ghala moja la pamoja: baada ya mavuno zijiwekee chakula cha kufika msimu ujao, kinachozidi kiingie ghalani, na harusi na misiba vigharimiwe kutoka humo. Afyuni, tumbaku, pombe na kufunga miguu ya wanawake vilipigwa marufuku.

Mpango ulikwama, na sababu zake zinaeleweka. Kugawa ardhi kunataka kuipima kwanza, nako kupima kunataka makada wa vijijini na amani ya miaka kadhaa. Taiping walikuwa na jeshi la kulisha kila siku. Kwa hiyo katika sehemu nyingi walikusanya kodi kama zamani, kupitia makabaila walewale, wakati mwingine kwa kiwango cha chini zaidi. Mkulima wa bonde la Yangtze aliona nafuu kidogo, ila hakuona shamba. Halafu viongozi wakagawanyika: Septemba 1856 Yang Xiuqing aliuawa mjini Nanjing pamoja na maelfu ya watu wake, na mwaka uliofuata Shi Dakai, jemadari wao bora kwa maoni yangu, akaondoka na jeshi lake. Kosa jingine lilikuwa la kijeshi: msafara wa kaskazini waliutuma na askari wachache mno, bila nguo za baridi wala njia ya chakula. Ulifika karibu na Tianjin, ukaishia hapo.

Wazungu walifanya nini? Walingoja. Uingereza na Ufaransa zilitangaza kutoegemea upande wowote huku zikipigana na Qing katika vita vya pili, vya 1856 hadi 1860. Zilipokwisha kuipora kasri ya mfalme ya Yuanmingyuan, ambayo Waingereza waliichoma moto, kupata fidia ya taeli milioni 8 kila moja, kuhalalishiwa afyuni na kuruhusiwa wamisionari kukaa bara, ndipo zikamwona mfalme kuwa mdeni wa kulindwa. Mdeni akianguka, nani atalipa? Tangu hapo Shanghai ilitetewa na majeshi ya kigeni. Jeshi lililopewa jina la Daima Mshindi, askari wa Kichina chini ya maofisa wa kigeni, liliongozwa kwanza na Mmarekani Frederick Ward na kuanzia 1863 na Mwingereza Charles Gordon, huyuhuyu aliyeuawa Khartoum na wafuasi wa Mahdi Januari 1885. Lakini tusizidishe mchango wao. Waliowaangamiza Taiping hasa ni majeshi ya majimbo ya Zeng Guofan na Li Hongzhang. Ndiyo, Zeng yuleyule wa hesabu ya dou sita. Aliujua ugonjwa kuliko mtu yeyote, akawachinja wagonjwa. Nanjing ilianguka Julai 1864. Makadirio ya kawaida ya waliokufa katika vita hivyo vyote, wengi kwa njaa na maradhi, ni milioni 20 au zaidi.

Majeshi hayo yaligharimiwa kwa lijin, ushuru wa njiani ulioanza 1853: kizuizi baada ya kizuizi, kila mzigo unaopita unatozwa. Ulitakiwa kuwa wa muda. Ukadumu hadi karne ya 20. Bidhaa ya kigeni ilisamehewa vizuizi hivyo kwa kulipa nyongeza ya asilimia 2.5 bandarini. Pamba ya mkulima wa Kichina ikasimamishwa kila daraja, kitambaa cha Manchester kikapita.

Forodha nayo iliponyoka mikononi mwa China wakati wa maasi. Mwaka 1853 Chama cha Visu Vifupi kiliteka mji wa Shanghai, ofisi ya forodha ikavunjika, na mabalozi wadogo wa Uingereza, Marekani na Ufaransa wakapanga kuisimamia wenyewe. Mpango huo ukaenea bandari zote, na tangu 1863 mpaka kifo chake 1911 mkuu wa forodha ya China alikuwa Robert Hart, mtu wa Ireland ya Kaskazini. Alikuwa mtumishi mwadilifu, makusanyo yakapanda. Tatizo ni kwamba makusanyo hayo ndiyo yaliyokuja kuwekwa rehani.

Kaskazini, Wanian, waasi wa Nian, walipigana mpaka 1868 kwa farasi na vijiji vyenye kuta, katika nchi iliyokuwa ikifurika kila mara. Mwaka 1855 Mto Manjano ulivunja kingo zake ukahama, ukaacha kumwaga maji kusini ukaelekea Shandong. Nautaja kwa sababu Shandong ndiko tunakokwenda sasa.

Vita vya Japani vya 1894–95 viliiachia China fidia ya taeli milioni 200, na milioni 30 zaidi za kuikomboa rasi ya Liaodong kutoka kwa Japani. Serikali haikuwa nazo. Ilikopa: faranga milioni 400 kwa mabenki ya Ufaransa na Urusi mwaka 1895, pauni milioni 16 kwa mabenki ya Uingereza na Ujerumani mwaka 1896, na milioni 16 nyingine mwaka 1898. Rehani ilikuwa mapato ya forodha, na mkopo wa mwisho uliongezewa lijin ya sehemu za Yangtze. Askari wakapunguzwa, matengenezo ya kingo za mto yakakosa fedha. Mwaka 1898 Mto Manjano ukafurika Shandong. Mwaka uliofuata mvua ikakatika.

Novemba 1897 wamisionari wawili wa Kijerumani waliuawa wilayani Juye. Ujerumani ilikuwa ikitafuta bandari China tangu kabla ya hapo. Ndani ya wiki mbili ikaiteka Ghuba ya Jiaozhou, na Machi 1898 ikajiandikia upangaji wa miaka 99, pamoja na reli na migodi. Reli ya kutoka Qingdao kwenda Jinan ilipita kwenye bonde la chini la Gaomi. Tuta la reli lilikata njia za maji ya mvua kuelekea mitoni. Wanakijiji walijua maji yatakwama upande mmoja na kuozesha mazao, wakataka makalavati zaidi. Makaburi yao nayo yalikuwa kwenye njia ya reli. Waling'oa vigingi vya wapimaji. Mwaka 1899 askari wa Kijerumani wakatoka Qingdao wakapiga vijiji kwa risasi. Leo mhandisi yeyote angesema wale wakulima walikuwa sahihi kuhusu maji.

Suala la makanisa lilikuwa gumu zaidi, na tuliseme kwa haki. Wapo Wachina waliobatizwa kwa imani ya kweli na wakafa nayo. Wapo pia waliogundua kwamba padri akiingia ofisi ya wilaya, hakimu husimama, kwa kuwa nyuma ya padri yuko balozi na nyuma ya balozi iko manowari. Katika kijiji cha Liyuantun, kiwanja cha hekalu la kijiji kilipewa Wakatoliki katika mgawanyo wa 1869. Ugomvi wa kiwanja hicho kimoja ukadumu takriban miaka 30. Kesi zikashindwa kila mara, ndipo wanakijiji wakamwita Zhao Sanduo, mwalimu wa ngumi za Maua ya Plamu. Msilisahau jina lake.

Kutokana na vikundi vya aina hiyo, na vya Ngumi za Mizimu vya kaskazini-magharibi mwa Shandong, wakazuka Yihetuan, ambao Wazungu waliwaita Mabondia. Hawakuwa na amiri mmoja. Kila kijiji kilikuwa na uwanja wake wa mazoezi, na mafunzo yalikuwa mepesi, siku chache tu. Kijana alichoma karatasi ya hirizi, akanywa majivu yake kwa maji kama anywaye kombe, akapandisha mzimu wa Guan Yu au wa Sun Wukong, akaamini risasi haitaingia. Wasichana walikuwa na kundi lao, Taa Nyekundu. Wepesi huo ulifanya harakati isambae kama ilivyosambaa, na ndio ulioifanya isiweze kushika mji, kulisha askari wala kupanga shambulio la pamoja. Ukame ulifanya yaliyobaki: kijana asiye na cha kupanda ana siku nzima ya kwenda uwanjani. Kauli yao ilikuwa "Iunge mkono Qing, waangamize wageni". Waliouawa na Yihetuan wengi mno walikuwa Wachina wenzao Wakristo, maelfu kwa maelfu, pamoja na wake na watoto. Atakayewaenzi Mabondia akaficha hilo atakuwa anadanganya.

Ufanano na maji ya Kinjikitile kule Ngarambe mwaka 1905 mmeshauona. Hakuna ushahidi wa mawasiliano yoyote kati ya Shandong na Umatumbi. Kiungo cha kweli ni upande wa pili wa bunduki: dola ileile ya Kijerumani. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuja kuongoza jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki mwaka 1914, alikuwa kwenye kikosi kilichotumwa China mwaka 1900. Mwaka huo Mabondia waliwazingira mabalozi wa kigeni Beijing, na majeshi ya mataifa manane yakaingia mjini Agosti 14 kuwaokoa. Kikosi hicho cha Kijerumani sehemu kubwa kilifika baada ya hapo, kikatumika kuadhibu vijiji vya Zhili, jimbo linaloizunguka Beijing.

Itifaki ya Septemba 1901, mkataba ambao China iliyoshindwa ililazimika kuutia sahihi, iliweka fidia ya taeli milioni 450, tarakimu iliyolingana na idadi ya Wachina iliyokadiriwa wakati huo: taeli moja kwa kila kichwa, mtoto mchanga naye ndani. Riba asilimia 4, muda miaka 39, hivyo jumla ingefika taeli milioni 982. Rehani: forodha na kodi ya chumvi. Kila jimbo lilipangiwa fungu la mwaka. Jiangsu milioni 2.5, Sichuan milioni 2.2. Gavana akaligawa kwa wilaya, wilaya kwa vijiji, nasi tumerudi mlangoni kwa karani wetu. Na kama vile haitoshi, wakopeshaji walidai walipwe kwa thamani ya dhahabu. Fedha ilikuwa ikishuka bei mbele ya dhahabu, hivyo taeli zilizohitajika zikaongezeka. Mwaka 1905 China ililipa milioni 8 zaidi kufunga tofauti hiyo. Mnaikumbuka dou tatu iliyokuwa sita. Mara hii nchi nzima ilisimama mahali aliposimama mkulima wa Zeng: deni limeandikwa kwa madini ambayo yeye hana, na bei hapangi yeye.

Mbali na milioni hizo 450, wilaya za Zhili zilidaiwa fidia za papo hapo kwa makanisa yaliyochomwa. Wilayani Guangzong, mwaka 1902, Jing Tingbin, mtu aliyefaulu mtihani wa kijeshi wa jimbo, alikataa. Wanakijiji wakamfuata, na kwenye bendera zao kauli ilikuwa imegeuka: "Ifagieni Qing, waangamize wageni". Ilichukua miaka miwili tu kutoka kuiunga mkono Qing hadi kuifagia, na kilichotokea katikati ni hati ya madai. Zhao Sanduo, yule wa ugomvi wa Liyuantun, alijiunga nao. Yuan Shikai, gavana mkuu wa Zhili, alipeleka jeshi lake la kisasa, vijiji vikapigwa kwa mizinga, Jing akauawa mwaka huohuo, na Zhao akafia gerezani.

Qing ilianguka miaka kumi baadaye. Majimbo yalipojitangazia uhuru wake mwishoni mwa 1911, wawakilishi wa mataifa ya kigeni hawakusubiri kuona nani atatawala. Mapato ya forodha, ambayo mpaka hapo mkuu wa forodha aliyahesabu tu na maofisa wa Kichina ndio walioyatunza, yakaanza kukusanywa na wakuu wa forodha wa kigeni wenyewe. Kwa mpango wa Januari 1912 yaliingizwa moja kwa moja kwenye benki tatu za kigeni mjini Shanghai, moja ya Kiingereza, moja ya Kijerumani, moja ya Kirusi. Wenye madai walikata chao kwanza. Kilichobaki, serikali mpya ya Jamhuri ilikipata kwa ruhusa yao.

Asanteni. Nakaribisha maswali.